Paka wa Nyumba Haingwa: Mwongozo Kamili wa Kufuga Paka Uswahilini

Paka wangu wa kwanza alikuwa na nyumba nne. Kwangu alilala, kwa mama wa chumba cha pili alikunywa maziwa, kwa muuza samaki wa kona alipata vichwa vya vibua, na nyumba ya nne sikuijua mpaka siku alipokufa, mtoto wa watu akaja kumlilia. Tulimwita Mjumbe, kwa sababu alipita kila mlango na hakuna nyumba asiyoijua mambo yake. Siku alipougua nilikuwa kazini. Alilala uwani, hali, anahema tu. Jirani mmoja kwa huruma kabisa akachukua nusu kidonge cha parasetamoli, akakiponda kwenye maziwa, akamnywesha. Niliporudi jioni fizi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia, uso umevimba, na usiku uleule akafa. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama letu. Kidonge kinachomtuliza mtu kichwa humuua paka.

Sikumlaumu jirani. Paka alikuwa wa wote, kwa hiyo kila mmoja alimhudumia alivyojua, na hakuna aliyekuwa na jukumu la kujua. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi, au kwa kauli yao wenyewe, haingwa. Kuinga ni kule kufukuza ndege shambani. Lakini ili asiingwe, kwanza awe kweli wa nyumba. Wengi wetu hatufugi paka, tunamvumilia tu, na paka wa kuvumiliwa hana tofauti kubwa na shume.

Nayaandika haya kwa anayekaa nyumba ya kupanga, vyumba viwili na uwani wa pamoja, au ghorofani pasipo na uwani kabisa. Mwenye geti na bustani atapata cha kuchukua, ila yeye shida zake ni chache.

Hatua ya 1: Amua paka ni wa nani

Kabla hujampokea, mtafutie mwenyewe, na mwenyewe huyo awe mtu mmoja. Asiwe "wa watoto". Mtu mzima mmoja ndiye atunze kadi ya chanjo, asafishe choo, na amjibu jirani akija kulalamika kuhusu vifaranga vyake. Paka aliyetunzwa huishi miaka 12 hadi 15, na wapo wanaofika 18. Mtoto wa darasa la pili anayekulilia leo atamaliza chuo paka bado yumo jikoni.

Ongea na mwenye nyumba na wapangaji wenzako. Usianze kwa kuomba ruhusa ya kufuga. Anza na habari ya panya, hapo utasikilizwa. Kisha waambie mambo mawili: choo chake kitakuwa ndani kwako, na usiku atalala ndani. Watu wanaochukia paka mara nyingi wanachukia hayo mawili tu, kinyesi kwenye mchanga wa watoto na kelele za saa nane usiku. Akiwapo jirani anayeamini paka mweusi ni wa kichawi, usibishane naye barazani. Mvishe paka wako mkanda wa shingoni wa rangi kali ili kila mtu aone ana mwenyewe. Mkanda uwe wa kuvutika, vidole viwili vipite chini yake, ili ukinasa kwenye tawi au msumari wa bati aweze kujichomoa. Kwa majirani Waislamu kazi ni nyepesi: paka si najisi, na kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula kila aliyepita madrasa anakijua.

Hatua ya 2: Chagua kitoto chenye afya

Usichukue kitoto kabla hakijatimiza wiki 8, na kikifika wiki 10 au 12 ni bora zaidi. Muda ule wa kucheza na ndugu zake ndimo kinamojifunza kutouma kwa nguvu. Kitoto kilichoachishwa mapema hukuuma mkono kila siku, nawe utadhani ni kikali.

Kiangalie hivi. Macho yawe makavu na wazi, bila tongotongo. Masikio ndani yawe safi. Ukiona uchafu mweusi kama unga wa kahawa, hao ni utitiri wa masikioni. Inua mkia: pakiwa pamelowa, anaharisha; pakiwa na punje zinazofanana na mchele, ana tegu. Tumbo la mviringo lililotuna wakati mgongo unaonyesha mifupa ni minyoo, wala si shibe. Mwisho kaa chini, buruza uzi mbele yake. Kitoto kizima huukimbilia au angalau huufuata kwa macho.

Kuhusu rangi, mwenye mabaka matatu, nyeupe, nyeusi na ya machungwa, karibu kila mara ni jike, maana rangi hizo mbili za mwisho zinabebwa na kromosomu inayohusika na jinsia. Wa machungwa wengi ni madume. Ni mbinu nzuri pale muuzaji anapokuapia kwamba huyu ni dume.

Na usidanganyike kwamba paka wa kienyeji ni duni. Kule Kilifi, Kenya, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, Wagiriama wana paka wao wa madoadoa kama gome la mti, wamwitao kadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater aliyekuwa na shamba huko alianza kuwafuga, na leo Sokoke ni mbari inayotambuliwa kwenye maonyesho ya paka ya Ulaya na Marekani. Wagiriama walikuwa wakimwona siku zote.

Hatua ya 3: Siku za kwanza ndani ya chumba kimoja

Watu humleta paka ndani ya kiroba kilichofungwa asione njia ya kurudi. Kiroba hakina hewa, na paka anafika amejikojolea kwa hofu. Chukua tenga la kuku, tandika kanga kuukuu, funika juu na kitenge chepesi. Giza linamtuliza.

Nyumba nzima kwa mara moja inamtisha. Mpe chumba kimoja, au kona moja kama chumba ndicho hichohicho: maji na chakula upande huu, choo upande ule, na boksi lililolazwa ubavu ndani yake kanga. Atajificha chini ya kitanda, mwache. Kosa la kila nyumba ni kumvuta mguu ili watoto wamwone. Kaa sakafuni, fanya shughuli zako, usimkazie macho. Akikuangalia, fumba macho polepole kisha fumbua. Akikujibu vivyo hivyo, kazi imeanza kufanyika.

Kitoto huzoea ndani ya siku tatu au nne. Mkubwa aliyetoka nyumba nyingine asitoke nje kwa wiki 2 hadi 3, la sivyo atarudi alikotoka.

Hatua ya 4: Choo

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa, na sababu ni kwamba hawakutengeneza choo, walitegemea uwani.

Nunua beseni pana la plastiki, kina cha vidole vinne au vitano. La kitoto liwe fupi zaidi apande bila kuhangaika. Jaza sentimita 5 hadi 7 za mchanga wa ujenzi uliochekechwa na kuanikwa juani. Maranda ya fundi seremala yanafaa na ni mepesi kubeba hadi ghorofa ya tatu, ila yawe makubwa kidogo, maana vumbi la mbao linamwingia puani. Mchanga wa kisasa wa dukani unaoganda ukilowa ni mzuri mfuko ukiruhusu. Weka beseni pembeni pasipopitwa, mbali na chakula. Hakuna anayependa kula chooni, na paka ana ukaidi zaidi yetu kwa hilo. Kanuni ya wafugaji ni mabeseni sawa na idadi ya paka, ongeza moja; kwa paka mmoja katika vyumba viwili, moja linatosha ukilisafisha.

Kumfundisha hakuna siri. Akishamaliza kula, subiri dakika chache, mbebe umweke ndani ya beseni, kwaruza mchanga kwa kidole. Paka huja na tabia ya kufukia. Akikosea mahali, chota ule uchafu uweke ndani ya beseni, harufu itamwelekeza. Usimsugulie pua kwenye mkojo; atajifunza kukuogopa tu.

Uchafu utolewe kila siku, na si kwa ajili ya harufu peke yake. Baadhi ya paka hutoa kwenye kinyesi vijidudu vya toksoplasma, ambavyo vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vijidudu hivyo vikitoka haviwezi kuambukiza papo hapo; huchukua siku 1 hadi 5 kukomaa. Choo kinachosafishwa kila siku, kwa hiyo, kinakuwa kimetangulia. Mama mjamzito asilazimishwe kumtoa paka nyumbani, kama mashangazi wanavyoshauri. Amwachie mwingine kazi ya choo, anawe mikono, aoshe mboga vizuri na asile nyama isiyoiva, maana nyama mbichi nayo ni njia ya maambukizi hayohayo.

Mchanga wote umwage kila wiki, osha beseni kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia majini zina fenoli, na fenoli ni sumu kwa paka: anaikanyaga, anailamba miguuni. Dawa ya klorini nayo usiimwage juu ya mkojo, mvuke wake unakaba pumzi.

Paka aliyezoea choo akianza kukojoa kitandani, usikimbilie fimbo. Anza na beseni: ni chafu? Umelihamisha? Umebadili mchanga? Kama si hayo, huenda anaumwa njia ya mkojo.

Hatua ya 5: Chakula

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake unahitaji kitu kiitwacho taurini, kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na akikikosa muda mrefu moyo unapanuka na macho yanapofuka. Ndiyo maana ugali na mchuzi unamshibisha lakini haumjengi. Chakula cha mbwa nacho hakifai kuwa mlo wake, kwa sababu mbwa hujitengenezea taurini na chakula chake huwa hakikuzingatia hilo.

Habari njema ni kwamba taurini imejaa kwenye vitu vya bei ya chini sokoni: moyo wa ng'ombe, dagaa, firigisi na mioyo ya kuku. Mimi napika hivi kwa siku tatu. Naloweka dagaa wa Mwanza kwenye maji ya moto dakika 10, namwaga, naosha tena mpaka kidole kikipita chini ya bakuli hakihisi mchanga. Dagaa mchele wa pwani huwa hawana mchanga mwingi ila wana chumvi, nao naloweka mara mbili. Nachemsha pamoja na moyo wa ng'ombe uliokatwa vipande vya ukubwa wa ukucha, bila chumvi, bila kitunguu, bila nazi. Supu yake siimwagi, maana paka hunywa maji kidogo na hiyo ndiyo njia ya kumnywesha. Paka mzima wa kilo 3 hadi 4 anahitaji kama gramu 150 kwa siku, nusu asubuhi nusu jioni. Dagaa wazima wana mifupa laini, ndiyo inayompa kalisi ambayo nyama tupu haina. Ukipata chakula kikavu cha paka cha dukani, changanya siku kwa siku. Kimepimwa virutubisho vyote na kinaokoa siku ambayo gesi imekwisha.

Kitoto kile mara nne kwa siku mpaka miezi mitatu, kisha mara tatu mpaka miezi sita, baada ya hapo mara mbili.

Vitu vya kuepuka vimo kwenye sufuria yako mwenyewe. Kitunguu maji na kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu yake, na mchuzi gani wetu hauna kitunguu? Mabaki ya biriani basi si zawadi. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vijiti vyenye ncha. Maini mpe mara moja kwa wiki, kipande cha kidole gumba, kwani vitamini A ikizidi inaumiza mifupa. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha paka wazima wengi. Wanayapenda kweli, lakini utumbo wao umeshaacha kuyameng'enya.

Sisimizi wa Dar hawamngoji paka amalize. Fanya kama bibi zetu walivyofanya na miguu ya kabati la chakula: weka sahani ya paka katikati ya sahani pana yenye maji kidogo. Maji ya kunywa yakae mbali na chakula, yabadilishwe kila siku.

Na panya je? Msemo wa mitaani kwamba ukimlisha hatawinda si kweli. Paka huwinda kwa silika, aliyeshiba naye huwinda. Usimnyime chakula. Muhimu ni kwamba nyumba yenye paka isitegwe sumu ya panya, wala ya jirani, maana panya aliyekula sumu hupunguza mbio, na paka humkamata huyohuyo.

Hatua ya 6: Chanjo, minyoo na viroboto

Tafuta daktari wa mifugo kabla hujamhitaji. Ofisi ya mifugo ya halmashauri itakuelekeza, na Morogoro ipo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Uliza kwa simu kama anatibu paka, kwani wapo waliobobea kwa ng'ombe na kuku tu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa paka akitimiza miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka au daktari atakavyokuandikia. Ndiyo, paka naye hupata kichaa. Kuelekea 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maeneo mengi hufanya kampeni za chanjo bila malipo; ulizia serikali ya mtaa, na mpeleke paka ndani ya tenga, maana foleni imejaa mbwa. Ipo pia chanjo moja ya magonjwa matatu, mawili ya mafua makali na moja la kuharisha linaloua vitoto, inayoanza wiki ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Hii haipatikani kila mji, kwa hiyo iulizie mapema.

Dawa ya minyoo: kitoto kila wiki mbili kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, na mkubwa kila miezi 3. Inapimwa kwa uzito. Kama huna mizani, nenda kwa wale vijana wa stendi wenye mizani ya kupima uzito. Jipime umembeba paka, kisha jipime mwenyewe, toa. Watakucheka. Lipa mara mbili.

Viroboto vigundue hivi: chana manyoya ya kiunoni kwa kitana cha chawa juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vidoa vyeusi vikisambaa na kuwa vyekundu, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto. Wengi wao bado ni mayai na hawako kwa paka. Wako kwenye mkeka, godoro na nyufa za sakafu. Fua matandiko kwa maji ya moto, anika juani, fagia nyufa kila siku kwa wiki tatu. Kwa paka mwenyewe tumia dawa iliyoandikwa kwamba ni ya paka. Zile za kuogeshea ng'ombe na mbwa, nyingi zenye permethrini au ndugu zake, humtia paka mtetemeko na degedege. Ukishakosea, mwoshe mara moja kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kimbia kwa daktari.

Hatua ya 7: Kizazi

Nchi za baridi paka wana msimu wa kuzaa, kwa sababu joto la jike, yaani hamu yake ya kupandwa, linafuata urefu wa mchana, na majira ya baridi hupumzika. Sisi tuko karibu na Ikweta, mchana wetu karibu ni uleule Januari hadi Desemba. Paka wetu hana likizo. Anaanza kupata joto akiwa na miezi 4 hadi 6, anabeba mimba wiki 9, na anaweza kushika nyingine hajamaliza kunyonyesha. Ukiona mtaa umejaa shume, ujue hesabu ilianzia kwa jike mmoja wa mtu.

Jike afungwe kizazi na dume ahasiwe wakifika miezi 4 au 5. Usisubiri azae mara moja "asafike tumbo". Kufunga kabla ya joto la kwanza kunamkinga zaidi na saratani ya matiti. Dume aliyehasiwa mapema hapulizi mkojo kwenye mapazia, na hapigani kila usiku akarudi sikio limechanika. Uliza bei ni pamoja na nusu kaputi, dawa ya maumivu na kutoa nyuzi, maana kuna wanaotaja bei ya kisu peke yake. Baada ya upasuaji akae ndani siku 7 hadi 10, na mchanga wa choo ubadilishe kwa vipande vya magazeti ili usishike kwenye kidonda.

Hatua ya 8: Makucha, mkeka na majirani

Paka lazima akwaruze. Ndivyo anavyoondoa ganda la ukucha na kunyoosha mgongo. Ukimkataza atakwaruza kochi usipokuwapo. Mpe chake. Tafuta gogo au ubao wa urefu wa kama sentimita 70, upigilie misumari kwenye kitako kizito usiyumbe, kisha uzungushie kamba ya katani kuanzia chini hadi juu, kila mzunguko ukibanana na mwenzake. Duniani kote vigogo vya paka vya bei mbaya huzungushiwa katani hiyohiyo, nasi tunaotoka karibu na mashamba ya mkonge ya Tanga tunaipata kwa mita. Simamisha gogo pale alipokuwa akikwaruza, si pale unapopenda wewe. Mkeka wa ukili atauharibu, usijidanganye. Ukunje, uweke juu.

Chandarua nacho ni ngazi kwa kitoto. Kichomeke chini ya godoro mchana.

Ghorofani weka wavu dirishani. Paka huanguka kwa miguu, lakini miguu hiyohiyo ndiyo inayovunjika, pamoja na taya.

Hatua ya 9: Akiugua

Paka huficha maumivu. Usingoje alie. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo ukiona anapumua mdomo wazi, amekula sumu, au ni dume anayeingia chooni mara kwa mara, anajikamua, hakitoki kitu. Huyo wa mwisho watu humdhania kafunga choo wakampa mafuta. Mrija wake wa mkojo umeziba, na ndani ya siku moja au mbili sumu ya mkojo inaweza kumuua. Paka asiyekula kwa siku mbili naye si wa kusubiri, hasa mnene. Ini lake hujaa mafuta.

Dawa ya binadamu usimpe, hata robo. Dawa aliyoandikiwa mnyweshe hivi:

1. Tandaza kanga mezani, mweke katikati, mfunge kama mtoto mchanga miguu yote ikiwa ndani, kichwa nje.
2. Mkono wa kushoto ushike kichwa kwa juu, kidole gumba na cha kati kwenye pembe za mdomo, inua pua ielekee dari. Taya la chini litaachia lenyewe.
3. Kwa kidole cha mkono wa kulia bonyeza taya, dondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo.
4. Sugua koo kwa kushuka chini mpaka alambe pua. Akilamba, amemeza. Mpe maji kidogo kwa sirinji isiyo na sindano, kupitia pembeni ya mdomo.

Paka, wako au wa mtaani, akimng'ata mtu na chanjo yake haijulikani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa sindano za kichaa. Usipake pilipili wala kitunguu, wala usingoje kuona paka atakuwaje. Dalili za kichaa zikishamwanza mtu, karibu hakuna anayepona.

Hatua ya 10: Ukisafiri, ukihama

Kwa safari ya Desemba, paka abaki kwake na mtu aje, kuliko yeye kupelekwa kwa watu. Mwachie jirani ufunguo, chakula kilichopimwa kwenye vifuko vya kila siku, namba ya daktari, na karatasi ukutani yenye maandishi makubwa: ASIPEWE DAWA YOYOTE.

Kuhama ni kazi zaidi. Nilipohama Magomeni mwaka wa pili wa paka huyu nilionaye sasa, nilimfungia chooni tangu alfajiri na mlango nikaubandika tangazo, vinginevyo wabeba makochi wangemwachia. Tenga lilipanda gari mwisho, likashuka kwanza. Kanga yake sikuifua, iingie nyumba mpya na harufu yake. Wiki tatu akakaa ndani akinitukana kwa lugha yake. Siku ya kumfungulia nilichagua jioni, saa moja kabla ya chakula, mvua haipo, akiwa na njaa. Akasimama kizingitini akinusa, akatoka hatua tano mpaka kwenye ndoo za jirani, akasikia kijiko kikigonga bakuli, akarudi.